Mtu wa Telecel: anastahili ukurasa ao hapana?

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi wadogo ambao mungali kwenye viti vya iniversite,

Umoja wetu ulikubaliana kuandika kurasa za Kiswahili kwa ile kamusi elezo ya intaneti, Wikipedia, juu ya watu na mambo ya Kongo. Nilifikiri mabishano yatakuwa juu ya Tippu Tip ao juu ya vita. Kumbe moto umewaka juu ya mtu wa simu: Miko Rwayitare, mwanzilishi wa Telecel. Jina lilipopendekezwa tu, jumbe zikajaa. Kuna waliosema alikuwa tajiri wa wakubwa wa Mobutu, raia hawakuona faida yake. Kuna waliosema si Mkongomani. Na wengi, hasa wale waliozaliwa nyuma ya 2000, waliuliza tu: "Huyo njo nani?"

Ni hilo swali la mwisho lililonisukuma kuandika. Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, sikusomea historia wala mambo ya kompyuta. Lakini kijana ameshika simu mkononi, anatuma makuta kwa simu, anaandika "huyo njo nani" kwa simu, tena anamuuliza mtu aliyeleta simu ya mkononi Zaire wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa haijaiona. Hapo kuna jambo la kuangalia pole pole.

Miko Rwayitare alizaliwa Rwanda katika mwaka wa 1942, akakulia Kongo, akasoma uinjinia Ujerumani. Mwaka 1986, pamoja na Mmarekani Joseph Gatt, alianzisha Telecel mjini Kinshasa. Ilikuwa simu ya kizazi cha kwanza, ile ya analojia, kifaa kizito kama tofali, na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Kutoka Zaire kompanyi ilienea katika nchi nyingine, zikiwemo Burundi, Zambia na Afrika ya Kati. Mwaka 2000 Orascom ya Misri ilinunua sehemu kubwa ya Telecel. Mwaka uliofuata Rwayitare alinunua shamba la mizabibu la Mont Rochelle, Franschhoek, Afrika Kusini, katika bonde ambalo kwa karne nyingi mtu mweusi alikuwa mfanyakazi wa shamba, si mwenye shamba. Akafa 2007. Shamba hilo leo ni la Richard Branson, Mwingereza wa kompanyi ya Virgin, na yeye mnamjua.

Ili mtu aelewe kazi ya Telecel, lazima kwanza aelewe Zaire ilivyokuwa bila simu. Leta ilikuwa na ofisi yake ya posta na simu, ONPTZ. Biro zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, mihuri ilikuwepo. Kilichokosekana ni simu yenyewe. Nyaya za shaba zilikatwa zikauzwa, vipuri havikuja, mishahara haikuja. Mtu wa Kinshasa aliyetaka kuongea na mtu wa Kinshasa alituma mtoto na kibarua.

Huku kwetu Kasongo na Kabambare hata hiyo simu mbovu ilikuwa hadithi ya mbali. Sisi tulikuwa na foni. Wazee wetu wanaijua vizuri: redio ya kusema na kusikia, inayolishwa na batri ya motokari, na antene ya waya iliyofungwa kati ya miti miwili. Foni ilikuwa kwa mapadri, kwenye biro ya zone de santé, kwa wafanyabiashara wenye depo, na kwa wenye ndege ndogo. Ilikuwa na saa zake. Ukitaka kujulisha ndugu yako wa Bukavu kwamba mama amekufa, unaenda asubuhi, unangoja zamu, halafu unapiga kelele mbele ya watu wote, "over" hapa, "over" pale, na mtaa mzima unajua habari kabla ya yule unayemwambia. Habari za ndoa, za deni, za bei ya mchele, zote hewani. Siri haikuwepo. Barua ilipewa msafiri wa baiskeli, na kama msafiri akiugua njiani, barua nayo inaugua.

Mtu aliyefanya foni alikuwa fundi kweli. Alijua saa gani mawimbi yanapita vizuri, alijua kuchomelea kwa bati iliyoyeyushwa, alijua kupima maji ya batri kwa macho. Nitarudi kwake, sababu yeye njo ananisumbua zaidi kuliko Rwayitare.

Basi, katika nchi ya namna ile, mtu anasema: tuache nyaya, tutumie hewa. Leo wazo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule wataalamu wengi wa mashirika makubwa waliamini kwamba Afrika itapata kwanza simu ya waya, polepole, mji kwa mji, ndipo ya mkononi ifuate kama mapambo ya matajiri. Telecel ilionyesha kinyume: pale nyaya zimekufa, simu ya hewani inakuwa simu yenyewe. Wanajeshi walipopora Kinshasa Septemba 1991, na tena mwanzo wa 1993, balozi, wafanyabiashara na mashirika ya msaada walibaki wakiongea kwa Telecel kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuaminika. Kitu ambacho kilianza kama kifaa cha kujionyesha kilikuwa kimekuwa mshipa wa mji.

Sasa, kamusi elezo ina sheria gani? Wengi kati yetu tunafikiri kuna wazee mahali fulani wanaokaa na kupima ukubwa wa mtu. Hapana. Sheria yake ni kavu zaidi: je, watu wasio na uhusiano na mtu huyo wameandika juu yake, kwa urefu wa kutosha, mahali panapoaminika? Gazeti lenye wahariri, kitabu, makala ya chuo. Tovuti ya kompanyi yake haihesabiki. Maneno ya familia kwenye kilio hayahesabiki. Maandishi yangu haya nayo hayahesabiki, hata mukiyapenda namna gani. Kama vyanzo hivyo havipo, ukurasa unaweza kufutwa nyuma ya mjadala wa siku chache, na anayefuta hakuchukii. Anauliza tu: imeandikwa wapi?

Msifikiri sheria hiyo inatuumiza sisi peke yetu. Mwezi wa tano 2018 mtu aliandika ukurasa wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, mtaalamu wa mwanga wa leza. Ukakataliwa: vyanzo havikutosha kuonyesha kwamba anastahili. Mwezi wa kumi mwaka uleule alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu katika historia yote ya tuzo hiyo. Ukurasa wake ukaingia siku ileile. Kazi iliyompa Nobel ilikuwa imechapishwa 1985! Kazi haikubadilika hata chembe kati ya mwezi wa tano na wa kumi. Kilichobadilika ni kwamba magazeti yaliamka.

Kwa hiyo kipimo chao hakipimi kazi. Kinapima karatasi ambazo kazi iliacha nyuma yake. Mimi sikikatai kipimo hicho, tena baadaye nitakitetea, lakini tukijue kwa jina lake.

Kwa Rwayitare karatasi zipo. Magazeti ya biashara yaliandika juu yake na juu ya kuuzwa kwa Telecel, watafiti wa historia ya simu katika Afrika wanaitaja Telecel ya Kinshasa, waandishi wa mambo ya mvinyo waliandika juu ya Mont Rochelle. Hao hawakulipwa naye wala si ndugu zake. Kwa sheria, mlango uko wazi. Linganisheni na Mo Ibrahim, Msudani wa Uingereza, aliyeanzisha Celtel mwaka 1998, ile Celtel tuliyoijua sisi kwanza, ikawa Zain, leo Airtel. Mo Ibrahim aliuza kompanyi yake 2005, akaunda mfuko, akaweka tuzo kubwa kwa marais wanaoachia kiti vizuri, na dunia nzima inamjua. Rwayitare alitangulia kwa miaka zaidi ya kumi. Lakini hakuacha tuzo yenye jina lake. Tajiri akitaka kukumbukwa, asinunue shamba la zabibu, anunue wapiga kalamu. Natania, lakini kidogo tu.

Tuje kwa wanaosema alikuwa tajiri wa wakubwa. Ni kweli kwamba wateja wa kwanza wa Telecel walikuwa watu wa serikali na wenye mali. Nani mwingine angenunua kifaa cha maelfu ya dola katika Zaire ya 1986? Mwalimu wa Kasongo asingeweza hata kukiota. Na mtu anayetaka kuandika ukurasa wa haki lazima aandike hivyo waziwazi: huduma ilikuwa ya wachache, ilikua chini ya kivuli cha utawala ambao uliua simu ya wote. Mimi nikisoma ukurasa wa Rwayitare usiotaja hayo nitasema ni tangazo la biashara.

Lakini jamani, tangu lini ukurasa wa kamusi umekuwa medali? Tippu Tip ana kurasa katika lugha nyingi. Kasongo ilikuwa ngome yake. Watu wa mababu zetu walifungwa minyororo wakapitishwa njia ya Tanganyika kwenda pwani, na mwenye misafara ile aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha, na yeye akafa Unguja mwaka 1905 akiwa mzee mwenye mashamba. Hakuna mtu wa hapa anayesema afutwe. Tunasema aelezwe vizuri. Katika Kiswahili chetu neno "kustahili" linatupoteza sababu linanuka sifa. Mtu anaweza kustahili kuandikwa bila kustahili kupigiwa makofi. Tutenganishe haya mawili na nusu ya mabishano yetu itaisha.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. "Si mtu wetu."

Najua ninapoandika hapa naandika kutoka Maniema, ambako tangu 1996 vita vilipita juu yetu kwa majina ya makabila na mataifa, na nyumba nyingi zina makaburi. Siwezi kumwambia mtu aliyepoteza baba kwamba swali hili ni mchezo. Lakini angalieni Leta yenyewe ilivyocheza nalo. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaja kuupindua, ikarudisha kipimo nyuma mpaka 1885. Katika hiyo miaka 9 mtu aliweza kulala Mzaire akaamka mgeni, bila kusogea hata hatua moja. Telecel ilianzishwa miaka 5 baada ya sheria hiyo ya pili. Kwa hiyo ukiniuliza Rwayitare alikuwa wa wapi, naona kazi ya kamusi ni nyepesi kuliko ya bunge: alizaliwa Rwanda, alikulia Kongo, alisoma Ujerumani, alianzia kazi yake kubwa Kinshasa. Kila neno hapo ni kweli. Msomaji wa Kigali atamwita wao, wa Kinshasa atamwita wetu, na wote wawili watasoma ukurasa mmoja.

Na sisi watu wa Kasongo, kati ya Wakongomani wote, njo wa mwisho wa kuuliza mtu nasaba yake. Lugha ninayoandika hapa ilikuja na misafara. Mchele tunaoula na kuuza mpaka Kindu ulikuja nayo. Kuna familia hapa zinazotaja babu wa Tabora, wa Unguja, ao wa kijiji kilichochomwa ng'ambo ya Lualaba, na zote zinaitwa za Kasongo. Wazungu waliofika na Dhanis mwaka 1893 kuuteka mji waliandika kwa mshangao juu ya mashamba na bustani walizozikuta. Ile elimu ya kilimo ilikuwa ya wageni waliokuwa wenyeji tayari, na ya watumwa waliolima.

Bado neno moja la hatari: "wa kwanza." Katika mabishano yetu watetezi wa Rwayitare wanasema simu ya kwanza ya mkononi katika Afrika yote ilipigwa Kinshasa. Vyanzo vingine vinasema 1986, vingine 1987, na kuna nchi nyingine za Afrika ambazo katika miaka ileile zilikuwa zinajaribu simu za kufungwa ndani ya gari. Kila kitu kinategemea unaita "simu ya mkononi" kitu gani. Mimi nashauri tuandike "kati ya za kwanza" na tutulie. Haimpunguzii kitu. Kinyume chake, neno "wa kwanza" bila msingi njo mlango ambao mfutaji anaingilia.

Tujifunze kwa jirani. Kule Kenya kuna hadithi inayozunguka miaka mingi kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi, wakubwa wakamnyang'anya. Inapendeza kusikia, sababu kila mmoja wetu amewahi kuona mkubwa akichukua kazi ya mdogo. Lakini vilivyoandikwa vinaonyesha mradi wa Vodafone, na Nick Hughes na Susie Lonie wakiuongoza, pesa za serikali ya Uingereza zikisaidia mwanzo, majaribio Kenya 2005, na Safaricom ikauzindua Machi 2007. Mtu akitaka kuandika ya mwanafunzi kama ukweli, kamusi inamuuliza ushahidi, na inafanya vizuri. Hapo njo ninapokitetea kile kipimo kikavu. Bila hicho, kila kijiji kingekuwa na mvumbuzi wa ndege, na mkubwa wa kijiji angekuwa mvumbuzi huyo.

Sasa nirudi kwa fundi wa foni. Katika masomo yetu ya agronomia tulifundishwa kwa fahari juu ya Yangambi. Kituo cha INEAC, kilichoundwa 1933, kilikuwa kati ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo katika nchi za joto. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapisha pale jambo lililobadilisha dunia ya mafuta ya ngazi: kwamba ukipandanisha mti wa dura, wenye kokwa ya ganda nene, na ule wa pisifera, usio na ganda, unapata tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Tena ni jeni moja tu inayoamua. Leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia ni ya tenera. Mafuta yaliyomo katika biskuti na sabuni ya dunia nzima yanapita kwa ile karatasi ya Yangambi.

Sehemu ya mbegu za mwanzo zilitoka katika bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, na kati ya miti ya pale mmoja ulikuwa maarufu mpaka ukaandikwa kwa jina lake: Djongo. Mti una jina. Nilipokuwa nafanya memuari yangu nilisoma mara nyingi juu ya huo mti, na siku moja nikajikuta nauliza: aliyepanda juu ya Djongo kukata vichane ni nani? Aliyefunika maua kwa mfuko ili chavua nyingine isiingie? Aliyehesabu matunda, kokwa kwa kokwa, elfu kwa elfu, mpaka uwiano ukaonekana? Uvumbuzi wa jeni moja ni uvumbuzi wa kuhesabu. Katika kichwa cha karatasi kuna majina mawili ya Wabelgiji. Wazungu wale walifanya kazi yao, siwanyimi. Lakini mti ulipata jina kabla ya mtu.

Kuna mfano mwingine unaoonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwaka 1963 aliweka maziwa ya moto kwenye friza bila kungoja yapoe, akaona yameganda kabla ya yale ya wenzake yaliyopoa. Mwalimu akamcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne akarudi chuoni akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na jina la Mpemba likatangulia la Osborne. Leo ulimwengu unasema "athari ya Mpemba", ingawa wanafizikia wanabishana mpaka sasa kama inatokea kila mara. Tofauti kati ya Mpemba na mhesabu kokwa wa Yangambi haikuwa akili. Ilikuwa kwamba mtu mmoja mwenye kalamu aliandika jina la mwenzake.

Na wale waliopanda juu ya minara ya Telecel Kinshasa, waliounganisha waya, waliolinda batri wakati wa uporaji? Waliofundisha Kasongo foni? Kwao kamusi elezo itasema hapana, na leo itakuwa na haki ya kusema hapana. Hakuna karatasi. Sisi tukijifanya wajanja tukaandika kurasa zao kwa kumbukumbu za mtaani, zitafutwa, na tutasema tumebaguliwa, na haitakuwa kweli.

Kwa hiyo hapa natofautiana na wenzangu wanaotaka tupeleke majina kumi ya mafundi wa Maniema mara moja. Tukianzia kule tunajenga paa bila nguzo. Hao mafundi bado wako hai, wachache, na wanazeeka. Mwenye nafasi aende akae na mmoja wao, na kalamu na simu ya kurekodi. Aulize foni ilifungwa mwaka gani, chapa gani, batri zilitoka wapi, nani alimfundisha, siku ya vita ilifichwa wapi. Apige foto ya daftari za ujumbe kama mchwa haujazimaliza. Halafu asiishie kwenye ukurasa wetu huu. Aandike makala na kuipeleka kwenye jarida la iniversite, Kindu, Bukavu ao Kisangani, ambako kuna watu wa kuisoma na kuikosoa kabla haijatoka. Memuari za lisansi peke yake hazitoshi, tunajua sisi wenyewe namna tunavyozinakili, na tunajua pia zinavyolala maktaba zikiliwa na panya. Na wakati jina la mtu halijapata vyanzo, ukurasa wa kitu unaweza kuandikwa: "Foni katika Maniema", "Kilimo cha mchele Kasongo". Ndani yake majina yataingia moja moja kadiri karatasi zinavyopatikana. Wadogo wa historia, hii ni kazi yenu zaidi kuliko yangu, lakini wa agronomia anaweza kubeba mfuko.

Juu ya Rwayitare, kura yangu ni ndiyo. Utajiri wake si sababu, na kama ni wetu ao si wetu si sababu. Watu wasiomdai kitu wameandika juu yake vya kutosha, na bila yeye historia ya simu katika Kongo inaanza katikati. Napendekeza sentensi za kwanza ziwe hizi, na mwenye kusahihisha asahihishe:

"Miko Rwayitare (1942–2007) alikuwa injinia na mfanyabiashara aliyezaliwa Rwanda na kukulia Kongo. Mwaka 1986, pamoja na Joseph Gatt, alianzisha mjini Kinshasa kompanyi ya Telecel, mojawapo ya kompanyi za kwanza za simu ya mkononi katika Afrika. Mwanzoni huduma yake ilitumiwa hasa na viongozi wa serikali na matajiri."

Foto yake isiyo na haki za watu bado hatuna. Mwenye njia ya kuipata kihalali aniandikie.